Mkwe Asiyetajwa Jina

Mtaa wa Washonaji, Jhansi
4 Septemba 1994

Mwanangu ndiye atakayemwua Ravan mwaka huu! Lokendra wangu, mkweo! Kamati ya mtaa imemchagua jana jioni kuwa Ram, yule mungu wa upinde, katika mchezo wa sikukuu, mbele ya watu wote, kwa kunyoosha mikono, na mikono ilikuwa mingi mpaka katibu akachoka kuhesabu.

Sasa, hujambo mkwe wangu Gendabai? Baba yake Mangla hajambo? Na Mangla mwenyewe, binti yako aliyerudi kwako kungoja kujifungua, na huyo mgeni aliye tumboni? Nisamehe kwa kuanza na habari kabla ya salamu. Ningeanza na salamu ningepasuka.

Kwa hiyo siku tisa za mchezo mwanangu atavaa taji, na siku ya kumi atavuta upinde kwenye uwanja wa karibu na reli, na lile sanamu la Ravan, mfalme wa mashetani, la mianzi na karatasi, litateketea na fataki zake zote tumboni. Futi sitini, mwaka jana lilikuwa hamsini. Taji naliremba kwa mkono wangu. Baba yake anamshonea vazi la hariri ya njano, na wewe unajua mkono wa baba yake, hata mawakili wanamletea makoti.

Unamkumbuka Kamlesh, mke wa kaka mkubwa wa mume wangu, yule anayekaa ghorofa ya juu? Mwanawe ndiye aliyekuwa Ram miaka yote mitatu iliyopita. Sasa tumbo linamtangulia, upinde unafuata nyuma. Kamlesh alinipa hongera kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino. Nikamjibu, "Ahsante dada, hebu nitunzie ule mkufu wa shanga wa mwanao, maana yeye hatauhitaji tena." Nililala vizuri sana usiku huo.

Halafu kuna Mwalimu Somdatt, ametoka Varanasi, anatoa mihadhara kwenye ukumbi wa hekalu kila Jumapili. Wanawake tunakaa upande wa dirishani. Anaandika maswali mawili ubaoni: Sisi ni nani? Adui yetu ni nani? Anasema tumekaa katika nchi hii maelfu ya miaka, tukatawaliwa na wageni wa kila namna, na kilichotuponza ni kwamba tulisahau majibu yote mawili. Asiyejijua, anasema, hata adui akikaa naye meza moja atamkaribisha chai. Mimi nilinyoosha mkono nikasema adui yangu ninamjua, anakaa ghorofa ya juu. Ukumbi ulicheka mpaka mwalimu akadondosha chaki. Lakini Lokendra hacheki. Yeye anaandika kila neno kwenye daftari. Mwalimu amesema hajapata kijana anayeuliza kama yeye.

Njooni wote tarehe 14 Oktoba, siku ya kuchoma. Nimewawekea viti vya mbele, karibu kabisa, mtasikia joto usoni. Mangla akae katikati yetu, watu wamwone mke wa Ram.

Ni mimi mkwe wako,
Ramdulari, mama yake Lokendra


Jhalkheda, wilaya ya Mandsaur
11 Septemba 1994

Mama Lokendra, namaste.

Barua yako tumeipokea na tumefurahi. Kijana ana sura ya heshima, watu wa kamati hawakukosea.

Mangla ni mzima. Mwezi wa nne sasa. Anataka ukwaju asubuhi na ukwaju jioni, na amenenepa mashavu tangu aje. Nadhani ni maji ya huku. Kwenu alikuwa amekonda kidogo, lakini hilo si neno.

Kuhusu tarehe 14, utuwie radhi, hatutaweza. Si kwa sababu ya soya tu, ingawa zimeiva na zitavunwa wakati huohuo. Siku hiyo watu wa Jhalkheda hatutoki kijijini. Ni siku ya mkwe wetu. Tangu bibi zetu, siku yake hatumwachi peke yake, na Mangla naye itampasa awepo. Viti vyetu wape wengine.

Mwambie Lokendra kwamba siku ya harusi alikula bafla saba, yale madonge yetu ya ngano ya kuchovya kwenye samli, na nilizihesabu kwa furaha. Bado naweka samli ya ng'ombe wetu kwa ajili yake. Aliniambia hajawahi kula kitu kama kile.

Mimi,
Gendabai


Jhansi
17 Septemba 1994

Mkwe gani?

Gendabai, nakuuliza kwa upole ingawa kalamu inatoboa karatasi. Mlipokuja kutuletea habari za Mangla mlisema mna binti mmoja. Mmoja! Mlikaa kwenye kitanda changu cha kamba, mkanywa chai yangu ya iliki, mkasema, "Huyu ndiye wa kwanza na wa mwisho." Sasa mna mkwe mwenye siku yake, ambaye hamwezi kumwacha peke yake, na mke wa mwanangu lazima awe naye siku hiyohiyo ambayo mume wake anavikwa taji mbele ya Jhansi nzima!

Sikutaka kukumbuka, lakini nimekumbuka. Mangla alipokuja hapa bibi harusi alikuwa na uzi mwekundu mkononi, umechakaa. Nikamwambia, "Mwanangu, utupe huo, nikupe mpya." Akauficha chini ya bangili. Akasema, "Mama, ni wa mguuni pa mkwe wetu, nilikuwa na homa utotoni." Nikadhani ni mambo ya mganga. Na siku nyingine nilimkuta anamweleza binti wa jirani kwamba kwao wanawake wote, hata vikongwe, wakipita mbele ya huyo mkwe wanavuta pindo la sari mpaka kidevuni. Wote! Mbele ya mwanangu nani alijifunika? Siku ya harusi shangazi zako walimkodolea macho kama wananunua ng'ombe.

Huyo ni nani anayeheshimiwa kuliko Lokendra? Ana kazi gani? Lokendra ni karani wa reli, wa kudumu, mwenye pensheni. Ana taji? Ana upinde? Na alikuja lini, kabla ya mwanangu au baada yake? Hilo ndilo swali langu, na wewe ni mwanamke mwenzangu unajua ninauliza nini. Kama Mangla alichumbiwa na mtu mwingine mkatuficha, semeni. Mimi sitamweka karibu na Ram mwanamke ambaye siku ya sikukuu anamlilia mwanamume mwingine.

Mwalimu alisema mjue adui yako. Basi mimi wangu nimemjua: anaishi Jhalkheda, anakula samli. Kilichobaki ni jina lake.

Namtuma Lokendra kesho kwa treni ya Ujjain. Ameomba ruhusa ya siku sita kwenye mazoezi, na kamati imekasirika. Aje amwone kwa macho yake. Na bafla asile hata moja.

Ramdulari

Mangla kukonda kwangu? Alikuwa anakula chapati nne!


Jhalkheda
22 Septemba 1994

Mama Lokendra,

Jina lake siwezi kuliandika. Wewe katika barua zote ulizowahi kuniandikia umesema "mume wangu" na "baba yake Lokendra", jina la mzee sijaliona hata mara moja. Kwa nini unataka mimi nimtaje mkwe mkubwa wa kijiji kizima? Mama yangu hakumtaja, na bibi yangu alikufa hajamtaja.

Hukuniuliza, umenihukumu. Mangla ameisoma barua yako. Nilimkataza akaisoma. Tangu juzi hataki ukwaju.

Mwanao amefika. Ni mwanamume, ulimi wake haufungwi na adabu zetu za kike, atakuandikia mwenyewe. Bafla amekula nne. Alizitaka yeye.

Gendabai


Jhalkheda
23 Septemba 1994

Mama,

Nakuomba ukae kwanza.

Huyo mkwe ni Ravan.

Usiitupe barua. Ni yeye. Watu wa hapa wanasema Mandodari, mke wake, alikuwa binti wa kijiji hiki. Kwa hiyo yeye aliyemwoa ni mkwe wao. Hawana shaka na jambo hili kama wewe usivyokuwa na shaka kwamba mjomba wangu alioa Gwalior. Nilimwuliza baba mkwe, "Kuna ushahidi?" Akanitazama kama nimemwomba ushahidi wa mama yake.

Kuna sanamu lake la saruji penye njia ya kuingia kijijini, refu kama nyumba ya ghorofa mbili, vichwa kumi, masharubu kumi. Limekaa, halijasimama, kama mgeni aliyepewa kiti. Jana nilikuwa natembea na Mangla kutoka kisimani. Alikuwa ananicheka, ananiambia nimeanza kutembea kama mungu tangu nichaguliwe. Mara akanyamaza, akavuta pindo la sari mpaka kidevuni, akarudi nyuma yangu hatua mbili. Nikauliza, "Nani kapita?" Akasema chini ya kitambaa, "Mwanyumba wako. Nyote wawili mmeoa hapa." Mwanamke mmoja mzee akatupita na mzigo wa majani kichwani, naye akajifunika, mzigo usidondoke, majani yasidondoke. Mama, sisi hatujawahi kumheshimu mtu hai namna ile.

Mama mkwe akaniambia, "Mguse miguu. Ameoa kabla yako, ni mkubwa kwako." Nikamgusa. Sikujua nifanye nini kingine. Kidole chake cha mguu kimelainika kwa mikono ya watu.

Usiku ule Mangla alishikwa na homa, nadhani ni kwa kulia kwa sababu ya barua yako. Walimfunga uzi mwekundu uliokuwa mguuni pa sanamu. Asubuhi homa ilikuwa imeshuka. Sisemi ni kwa sababu ya uzi. Nasema nilikaa nao, nikaushika uzi huo kwa mkono wangu.

Siku ya tarehe 14, wakati sisi tunachoma, wao asubuhi wanampelekea maua na jioni hakuna jiko linalowashwa. Watoto pia wanalala bila kula. Kijiji kizima kinakaa kimya kwa sababu kila mahali katika nchi watu wanamwua mkwe wao na kushangilia.

Mwalimu alitufundisha kumjua adui. Nimemjua zaidi ya nilivyotaka. Sijui kama nitaweza kuvuta ule upinde. Usiwaambie kamati bado.

Mwanao,
Lokendra

Mama mkwe ananitunza vizuri. Amenishonea na shati.


Jhansi
29 Septemba 1994

Gendabai, mkwe wangu,

Barua ya Lokendra nimeisoma mara nne. Mara ya kwanza nilicheka mpaka baba yake akasimamisha cherehani akaja kuona nimepatwa na nini. Mara ya pili nilifika kwenye Mangla na homa, nikaiweka barua chini. Kwa lile nililoliandika juu yake naomba unisamehe, na yeye anisamehe. Mwambie mama mkwe wake ana mdomo kama sufuria lisilo na mfuniko, lakini chakula kilichomo ni kizuri. Nampelekea ukwaju wa Jhansi, mweusi. Wenu huko najua ni mwekundu.

Hayo yamekwisha. Sasa tuje kwenye jambo langu.

Mwanangu hataki kuvuta upinde. Siku kumi na tano zimebaki! Umenichukulia mtoto, Gendabai. Nilimtuma akakague adui, akarudi, kwanza hajarudi hata sasa, yuko kwako anavaa shati lako! Mimi, mke wa mshonaji, mwanangu anashonewa shati na mtu mwingine! Nimemzaa kwa siku mbili za uchungu, wewe umempa mke tu na kitu cha kuchovya kwenye samli.

Kamlesh amenusa. Jana nimemkuta uani anasugua taji la zamani la mwanawe kwa majivu na limau. Nikamwuliza, "Dada, unafanya nini?" Akasema, "Nasafisha vyombo tu." Vyombo! Kama Lokendra akikataa, yule mwenye tumbo atapanda tena jukwaani, na mimi nitakaa kiti cha mbele nilichokiweka mwenyewe nimtazame. Afadhali unichome mimi badala ya sanamu.

Nimekwenda kwa Mwalimu. Nimesubiri watu watoke ukumbini, nikamwuliza, "Na adui akiwa mkwe wa nyumba?" Nikamweleza yote. Akaweka chaki mezani. Akaniambia, "Mama, nipe siku chache." Mwalimu mzima ameomba siku chache! Kwa hiyo hata huyo umemchukua.

Mrudishe mwanangu. Mwambie avute. Anakusikiliza wewe sasa, nimekubali, nimeandika, unaweza kuitunza karatasi hii na kumwonyesha kila mtu.

Ramdulari


Jhalkheda
4 Oktoba 1994

Mama Lokendra,

Ukwaju umefika. Mweusi kweli. Mangla ameumaliza kwa siku mbili na wetu ameuacha. Nimeona, nimenyamaza.

Mwanao alipanda treni jana. Nimemwambia avute upinde. Nilimwambia siku ya kwanza kabisa, kabla hujaniomba, lakini yeye hakukuandikia hilo na mimi sikutaka kukuandikia, kwa sababu nilikuwa na hasira nawe.

Sisi hatujawahi kusema asife. Alimchukua mke wa Ram kwa hila. Hata mkwe akikosea anakosea. Bibi yangu alikuwa akisema mbele ya sanamu, chini ya pindo la sari yake, "Ulikuwa umesoma kuliko wote, ukafanya mambo kama mtu asiye na mama." Alimgombeza kila mwaka, halafu akalala njaa kwa ajili yake. Kinachotuuma ni kwamba ninyi mnacheka. Anaanguka, mnanunua jalebi tamu, mnarudi nyumbani. Hamuogi kama waogavyo watu waliotoka kuchoma maiti. Mtu amekufa na hakuna anayeoga!

Nitakuambia jambo moja kwa sababu na wewe umeniandikia la kwako. Mimi pia nilikuonea wivu. Uliposema viti vya mbele, taji, hariri ya njano, nilisema moyoni, yeye ana mkwe wa kuonyesha watu, mimi wa kwangu nikimtaja nchi nzima itanicheka. Ndiyo maana niliandika "mkwe wetu" nikanyamaza. Haikuwa adabu peke yake. Nilitaka kwa siku moja udhani kwamba tuna mtu mkubwa.

Mwanao aliniuliza swali ambalo hajawahi kuuliza mkwe yeyote aliyeoa hapa. "Mama, alifanyiwa matanga ya siku ya kumi na tatu?" Nikamwambia hapana. Sisi ni upande wa mke, tunalala njaa usiku mmoja, hiyo ndiyo haki yetu. Kulisha watu siku ya kumi na tatu ni kazi ya upande wa mwanamume. Wanawe wote walikufa vitani kabla yake. Upande ule hauna mtu.

Halafu akaomba bafla nyingine.

Gendabai


Jhansi
17 Oktoba 1994

Mkwe wangu, dada yangu Gendabai,

Amevuta! Mshale mmoja tu! Mwana wa Kamlesh alikuwa anatumia mitatu, minne, na mwaka juzi walimalizia na kiberiti.

Sasa kaa nikueleze sawasawa, maana Lokendra atakuandikia mistari miwili.

Alirudi kutoka kwako amevaa shati lako. Siku tisa zote alicheza vizuri, watu walilia pale Ram anapofukuzwa kwenda msituni, mimi nililia kwa sauti ili walio nyuma wajue mama ni yupi. Lakini asubuhi ya siku ya kumi hakutaka kula. Baba yake akasema, "Mwache." Mimi nikamwachaje? Nikamfuata Mwalimu Somdatt nyumbani anakofikia, nikamkuta ananyoa ndevu, nikamwambia siku zako chache zimekwisha. Akaja na sabuni sikioni.

Akakaa na Lokendra jikoni kwangu. Akasema, "Miaka kumi na moja nauliza watu maswali mawili, sisi ni nani, adui ni nani. Mama yako amenifanya niulize la tatu. Akishaanguka, ni wa nani?" Akasema tunalijua jibu sote tangu utotoni ila tunaondoka uwanjani kabla halijafika. Ravan alipoanguka, ndugu yake mwenyewe, aliyekuwa amehamia upande wa Ram, alisita kumfanyia mazishi. Ram akamwambia, mfanyie, na usipofanya wewe nitafanya mimi, kwani sasa ni wangu kama alivyo wako. Mwalimu akasema, "Ukiniuliza sisi ni nani, kijana, sisi ni watoto wa aliyesema hivyo. Wenye kumjua adui wako wengi duniani. Wanaomfanyia matanga ndio nataka niwahesabu." Nimeyaandika nyuma ya kalenda ya duka la samli yasipotee.

Lokendra akasimama, akala chapati mbili. Za kwangu.

Jioni uwanja ulifurika. Alipovuta, sanamu likashika moto kuanzia kiunoni, fataki zikalia, watu wakapiga makofi. Na mimi, Gendabai, sijui ni kitu gani kilinishika. Niko kiti cha mbele, nimevaa sari ya zambarau ili nionekane, mkono wangu wenyewe ukavuta pindo mpaka kidevuni. Sikumwona akianguka. Nilisikia tu. Kamlesh akaniuliza, "Moshi?" Nikamjibu, "Moshi."

Nilipofunua uso watu walikuwa wanaelekea kwenye jalebi. Mwanangu hakwenda. Alivua taji akampa baba yake, akatembea na vazi lile la hariri mpaka kwenye bomba la uwanja, akajimwagia maji kichwani mbele ya watu wote. Wakaanza kumcheka, wakadhani ni joto. Katibu akamkimbilia, "Ram, unafanya nini?" Akasema, "Nimefiwa na mwanyumba." Kicheko kikafa polepole, mstari kwa mstari, kuanzia mbele kwenda nyuma. Halafu Mwalimu akaenda akaoga. Halafu baba yake, mtu ambaye hata wakati wa baridi namlazimisha. Mpaka tunaondoka kulikuwa na foleni kwenye lile bomba, na muuza jalebi ananung'unika.

Hariri imeharibika. Sijali. Najali kidogo.

Sasa sikiliza. Ulisema upande wa mwanamume hauna mtu. Upo. Kama Ram alisema ni wangu, na Ram ni mwanangu, basi mimi ni nani? Mimi ndiye mama wa upande huo! Siku ya kumi na tatu itafanyika nyumbani kwangu. Mtaa huu haujawahi kuiona, Jhansi haijawahi kuiona. Nimekodi masufuria manane. Kutakuwa na puri, viazi, dengu, maboga, na wali wa maziwa wa kutosha kuogea. Kasisi wa hekalu alinikatalia siku mbili, Mwalimu akaenda kuzungumza naye, sasa anasema lilikuwa wazo lake. Kamlesh alisema ni wendawazimu, halafu alipoona watu wananiuliza siku, ameshuka kuuliza kama anaweza kukaanga puri. Nimemwambia nitafikiria. Nimefikiria, atakaanga, ila nitasimama karibu.

Wewe hutapika kitu. Utakaa kama mfiwa anavyokaa, na watu wa Jhansi watakuja mmoja mmoja kukupa pole ya mkwe wako, nami nitakuwa pembeni nikiwatajia wewe ni nani. Bafla usilete. Nakujua. Nitazitafuta mpaka kwenye mizigo ya soya.

Mangla aje naye, safari ya treni akae dirishani. Nimemtandikia karibu na jiko. Mtoto akizaliwa huko kwako sawa, desturi ni desturi, lakini jina tutatoa sisi. Nina majina sita tayari.

Waambie wote waliolala njaa usiku ule. Yule mama mzee wa mzigo wa majani aje. Watoto waje, hao hasa, wale mpaka wachoke. Wavuke mto, wapande basi, wapande treni, Lokendra atawasubiri stesheni na kitambulisho chake cha reli. Katika nyumba hii hakuna atakayewacheka, na atakayejaribu atakutana na mwiko wangu.

Ni mimi mkwe wako, wa upande wa mwanamume,
Ramdulari, mama yake Lokendra

Nimeiandika siku hapa chini peke yake ili isipotelee kwenye mkunjo wa karatasi. Jumatano, tarehe 26 Oktoba, kabla jua halijafika utosini. Jhalkheda nzima.